Shajara ya mradi: pembe kabla ya namba

Jumatatu, mpango

Naandika upya masomo yangu ya uhusiano wa pembe kwa wanafunzi wa kati ya miaka 11 na 14. Mada ni zile zile za siku zote: pembe mbili zinazojaza pembe mraba, pembe zilizokaa juu ya mstari mnyoofu, pembe zinazozunguka nukta, pembe zinazotazamana pale mistari miwili inapokatana, mistari sambamba iliyokatwa na mstari wa tatu, kisha pembetatu. Kinachobadilika ni mpangilio, pamoja na jambo moja ambalo wenzangu wameliita ukaidi: sehemu yote ya kwanza haitakuwa na namba hata moja.

Sababu yangu ni hii. Mchoree mtoto mstari mnyoofu, pembe moja iandike 65 na nyingine x, naye atatoa 65 kwenye 180 kabla hujamaliza kusoma swali. Lalisha mchoro huo huo kiubavu, ongeza mstari mmoja usiohusika, atakuuliza: "Mwalimu, hapa ni 90 au 180?" Swali hilo linasema kila kitu. Kutoa hakumsumbui. Hajaona mstari mnyoofu uko wapi. Zile namba mbili amezikariri kikasuku na sasa anabahatisha ipi itumike. Namba zinampa kazi ya kufanya, na akishapata kazi ya kufanya hautazami tena mchoro.

Kwa hiyo nimejiwekea masharti. Katika sehemu ya kwanza michoro inapakwa rangi, inakunjwa, inanakiliwa kwenye karatasi angavu, lakini haipimwi. Kila jibu linakuja na sababu iliyosemwa kwa mdomo. Kanuni haiandikwi ubaoni mpaka mwanafunzi mmoja aitamke kwa maneno yake mwenyewe na mwingine ajaribu kuipinga.

Mpangilio wa namna hii haukuanza na mimi. Mwaka 1957 wanandoa wawili walimu wa Uholanzi, Dina van Hiele-Geldof na Pierre van Hiele, walieleza kuwa fikra za jiometri hupanda kwa ngazi. Kwanza mtoto hutambua umbo kwa sura yake, kisha huanza kuona sifa zake, kisha huona jinsi sifa moja inavyozaa nyingine, na uthibitisho huja baada ya hapo. Mwalimu anayeongea lugha ya ngazi ya tatu mbele ya mtoto aliye ngazi ya kwanza haeleweki, hata akipaza sauti. Masomo mengi ya pembe ninayoyajua huruka kutoka sura hadi hesabu bila kupita katikati.

Jumatano, pembe kama mgeuko

Vifaa: vipande viwili vya kadibodi vilivyobanwa kwa pini upande mmoja, kimoja kikitulia na kingine kikifunguka kama mlango. Pembe ni kiasi cha kufunguka. Hilo walilikubali haraka mno, kwa hiyo nikachora pembe mbili ubaoni: moja ina mikono mirefu iliyofunguka kidogo, nyingine ina mikono mifupi iliyofunguka zaidi. Ipi kubwa? Wengi walichagua ile ya mikono mirefu. Kila aliyewahi kufundisha jiometri anaijua hali hii, na maelezo hayaiondoi.

Mkasi huiondoa. Kila kundi lilinakili pembe kwenye karatasi, likaikata, likaiweka juu ya mchoro, kisha likapunguza mikono na kuiweka tena. Mwanafunzi mmoja aliendelea kukata mpaka mikono ikabaki mifupi kuliko kidole chake gumba, na bado kipeo, ile ncha ambapo mikono inakutana, kilikaa pale pale, kingo zikalala juu ya mistari ile ile. "Haijapungua!" alisema, kwa sauti ya kulalamika kana kwamba nimemtapeli.

Kutaja pembe kwa herufi tatu nilikupitisha haraka: unatembeza kidole kutoka A kwenda B hadi C, na pale kidole kinapokata kona ndipo pembe ilipo. Kipimapembe kimebaki kabatini. Kitakapotoka, kitatoka na sharti moja: kabla ya kusoma, sema kwanza kama pembe ni kali (ndogo kuliko pembe mraba) au butu (kubwa kuliko hiyo). Kifaa kile kina safu mbili za namba zinazopishana, na anayeanza kwa kusema "hii ni butu" hawezi kuandika 50 mahali pa 130.

Ijumaa, kukunja karatasi

Somo hili nimelipenda kuliko yote mpaka sasa, nitaliandika kwa kirefu.

Kila mmoja ana karatasi nyepesi yenye ukingo ulionyooka. Weka nukta kwenye ukingo, mbali kidogo na kona, si lazima iwe katikati. Kunja karatasi kupitia nukta hiyo, mkunjo uelekee unakotaka, kisha ikunjue. Sasa juu ya ukingo kuna pembe mbili jirani, na mkunjo ndio mpaka wao. Nikauliza: ya kushoto ikikua, ya kulia inakuwaje? Jibu halikuchelewa: inapungua kwa kiasi hicho hicho. Hapo tayari wana kanuni ya mstari mnyoofu, na 180 haijatajwa. Wanaita "nusu mzunguko", nami sikuwakatiza.

Hatua ya pili. Chukua ukingo ulio kushoto mwa nukta, ulaze juu ya mkunjo, bonyeza. Fanya vivyo hivyo kwa ukingo wa kulia. Kingo mbili sasa zinakutana juu ya mkunjo wa kwanza, na karatasi imepata kona mpya pale kwenye nukta. Ni kona gani hiyo? Wakaigeuza, wakakisia. Mmoja akachukua kona ya daftari akaiweka juu yake: imeenea. Jirani yake, ambaye mkunjo wake wa kwanza ulilalia sana upande mmoja, akaweka ya kwake: imeenea. Darasa zima likaanza kutafuta daftari.

Napenda zoezi hili kwa sababu matokeo yanashangaza na wakati huo huo yanaelezeka kwa vitu walivyonavyo mkononi. Kila mtu alikunja anakotaka, mbona kona ni ile ile? Nilikaa kimya. Msichana wa safu ya nyuma alikunjua karatasi yake, ikaonekana mikunjo mitatu na pembe nne zimejipanga juu ya ukingo. Akaanza kuzigusa kwa kidole: "Hii na hii ni sawa, maana nimelaza moja juu ya nyingine. Hii na hii pia ni sawa. Zote nne ni nusu mzunguko. Sasa kile kilichobaki nje nikikunja ni moja ya huku na moja ya kule…" Akasita, akarudia kuzigusa zile mbili za katikati. "Ni nusu ya zote."

Nusu ya nusu mzunguko ni pembe mraba. Huo ni uthibitisho kamili, hauna pengo lolote, na umetolewa bila kipimapembe wala herufi x. Nilimwomba aurudie polepole ili wenzake wauandike. Mmoja wao akauliza kama ingekuwa hivyo hivyo laiti ukingo wa karatasi ungekuwa umepinda. Swali zuri, nikaliacha ubaoni bila kulijibu, maana somo linalofuata linalihitaji.

Kwa atakayejaribu: karatasi nene haifai, mkunjo hukimbia. Na nukta ikiwa karibu mno na kona, ukingo wa upande huo huwa mfupi kiasi kwamba hauoni umeulaza wapi.

Jumatatu, mistari inayokatana

Mistari miwili inakatana, pembe nne zinatokea, zinazotazamana ni sawa. Shida ya somo hili ni kwamba hakuna anayebisha. Wanaona ni sawa, basi. Ukiwaambia wathibitishe wanakutazama kwa huruma.

Kuna faraja kidogo katika historia. Proclus, mwandishi wa kale wa Kigiriki, akimtegemea mwenzake wa zamani zaidi, Eudemus, anasimulia kwamba mwanahekima Thales ndiye aliyeligundua jambo hili kwanza, lakini uthibitisho wa kisayansi ukaja na Euclid, mwanajiometri Mgiriki, karne kadhaa baadaye. Maana yake hata Wagiriki walikaa na ukweli huu kwa muda mrefu kabla ya mtu kuona kwamba unahitaji sababu. Watoto wangu wana haki ya kuchukua vipindi viwili.

Njia niliyotumia ni mchoro wa hila. Nilichora kitu kinachoonekana kama mistari miwili iliyokatana, ila mmoja umepinda kidogo mno pale kwenye nukta ya kukatana. Wakasema zinazotazamana ni sawa. Nikawapa karatasi angavu wanakili pembe moja na kuizungusha juu ya mwenzake. Haikuenea. Kelele zikaanza: umechora vibaya, kalamu ni nene, karatasi imeteleza. Mwishowe mmoja akaweka rula juu ya mstari na kuona mwanga upande mmoja. "Mwalimu, huu si mstari!"

Hapo ndipo swali la Ijumaa lilipopata mahali pake, na hapo ndipo sababu ilipopata kazi. Kwa nini unyoofu unahusika? Tulipaka pembe tatu mfululizo rangi: nyekundu, njano, bluu. Nyekundu na njano zimekaa juu ya mstari mmoja mnyoofu, kwa hiyo zinajaza nusu mzunguko. Njano na bluu zimekaa juu ya mstari wa pili, nazo zinajaza nusu mzunguko. Njano ni ile ile. Kwa hiyo nyekundu na bluu kila moja ni kile kinachobaki njano ikiondolewa, na haziwezi kutofautiana. Mstari mmoja ukipinda, moja ya zile sentensi mbili inakufa na hitimisho linakufa nalo.

Baada ya hapo tulikubaliana juu ya alama. Kamraba kadogo kwenye kona kanasema pembe mraba, vishale vinasema mistari ni sambamba, tao moja moja au mawili mawili yanasema pembe ni sawa. Kisichowekwa alama hakijasemwa, hata kama jicho linaapa. Naamini makubaliano haya yana thamani kuliko kanuni nyingi, na laiti waandishi wote wa mitihani wangeyaheshimu.

Alhamisi, mistari sambamba

Mistari miwili sambamba, mstari mmoja unaikata. Nauita mkato. Pembe nane. Hapa ndipo vitabu vinapomwaga majina, na hapa ndipo watoto wanapozama.

Mimi nimeanza na mienendo miwili. Wa kwanza ni kuteleza: nakili pembe za makutano ya juu kwenye karatasi angavu, ziteleze kwenye mkato mpaka makutano ya chini. Zinaenea zote nne kwa mpigo. Hizo ni pembe za nafasi moja. Wa pili ni kugeuza: tafuta katikati ya kipande cha mkato kilicho kati ya mistari miwili, bana hapo kwa ncha ya penseli, zungusha karatasi nusu mzunguko. Mchoro unajilalia wenyewe, na pembe za ndani za pande mbili tofauti za mkato zinabadilishana nafasi. Hizo ni pembe mbadala. Zile za ndani zilizo upande mmoja wa mkato hazihitaji mwenendo wa tatu: teleza moja, itakaa jirani na mwenzake juu ya mstari mnyoofu, na habari ya mstari mnyoofu wanaijua.

Walimu wengi hufundisha kwa maumbo ya herufi: F kwa nafasi moja, Z kwa mbadala, C kwa upande mmoja. Sina ugomvi nazo, zinasaidia jicho kutafuta. Lakini nimezisogeza mpaka mwisho, kwa sababu Z hupatikana hata pale ambapo mistari si sambamba, na mtoto aliyefundishwa Z kwanza huandika "ni sawa" bila kutafuta vishale. Nilijaribu hilo kwa mchoro usio na vishale, mistari ikiwa inakaribiana kidogo. Waliotelezesha karatasi waligoma kujibu. Ndivyo nilivyotaka.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu hulipitia juu juu: kanuni hii ina milango miwili. Mistari ikiwa sambamba, pembe mbadala ni sawa. Pembe mbadala zikiwa sawa, mistari ni sambamba. Watoto huona ni sentensi moja iliyogeuzwa. Euclid hakuziona hivyo hata kidogo: ile ya pili aliithibitisha bila msaada wa dai lake la tano (sharti kuhusu mistari inayokutana, alilolikubali bila kulithibitisha), lakini kwa ile ya kwanza akashindwa kulikwepa dai hilo. Sitawapa wanafunzi wa miaka 12 habari hiyo, lakini imenifanya nitengeneze kadi mbili tofauti, moja ya kijani kwa sentensi ya kwanza na moja ya zambarau kwa ya pili, na kila anayetoa sababu lazima ainue kadi aliyotumia. Wanaoinua zambarau wakati hakuna anayeuliza kama mistari ni sambamba hurekebishwa na wenzao, kwa furaha isiyo na kiasi.

Ijumaa, pembetatu kwa haraka

Kuchana kona tatu za pembetatu na kuzipanga juu ya mstari ni zoezi zuri la kuanzia, ila halithibitishi kitu. Nikawauliza: kama jumla ingekuwa pungufu kidogo tu ya nusu mzunguko, karatasi iliyochanika ingekuambia? Wakakubali kwamba isingewaambia. Basi chora mstari kupitia kipeo cha juu, sambamba na kitako. Pembe mbili za chini zinapanda juu kama mbadala, zinakaa kando ya ile ya kipeo, zote tatu juu ya mstari mnyoofu. Wenye karatasi angavu hawakuhitaji hata maelezo.

Pembe ya nje ilitoka bure: refusha upande mmoja wa pembetatu mbele, na pembe inayozaliwa nje ni sawa na jumla ya zile mbili za ndani zilizo mbali nayo.

Jumanne, namba zaingia

Leo 90, 180 na 360 zimeingia rasmi. Walizipokea kama ufupisho wa vitu walivyonavyo tayari. Vipimapembe navyo vimetoka kabatini.

Sikutaka kuanza na 180 kutoa 65. Nilianza na mistari ambayo karibu ni sambamba. Mkato umesimama wima, unakata mistari miwili, umbali kati ya makutano ni sentimita 5. Pembe za nafasi moja, upande wa kulia juu ya kila mstari: ya chini nyuzi 68, ya juu nyuzi 71. Kwenye karatasi mistari inaonekana sambamba kabisa. Je, itakutana? Upande gani? Wapi?

La kwanza lilikuwa rahisi: nafasi moja hazilingani, kwa hiyo si sambamba, kwa hiyo itakutana. Upande gani ulileta ubishi. Kundi moja lilifikiria kwa mdomo: mstari wa chini unapanda zaidi kuliko wa juu, kwa hiyo unaufukuza upande wa kulia. Kundi lingine lilijumlisha pembe za ndani za kulia: 68 na 109, ambayo ni 177, haifiki 180. Kushoto ni 112 na 71, ambayo ni 183. Wakadai mistari hukutana upande ule ambao jumla haifiki 180. Hilo ndilo dai la tano la Euclid, karibu neno kwa neno, na wamelitoa kwenye karatasi ya zoezi.

Ya tatu ndiyo iliyowatoa vitini. Pembetatu inayotokea ina pembe za 68, 109 na 3. Nyuzi 3 tu kwenye ncha, ina maana ncha iko mbali. Waliweka karatasi sakafuni, wakabandika utepe juu ya kila mstari na kuuvuta, mmoja akibana rula ndefu ili usipinde. Kwa hesabu ya kweli makutano yako karibu sentimita 90 kutoka mkato, ukipima juu ya mistari yenyewe. Kundi moja lilipata 80 na kitu, lingine likavuka mita. Hakuna aliyekosea sana: pembe ya ncha ikiwa 2.5 badala ya 3, makutano yanasogea hadi karibu sentimita 108, ikiwa 3.5, yanarudi hadi karibu 78. Nusu nyuzi ambayo kipimapembe cha plastiki hakiwezi kuisoma vizuri inabadilisha jibu kwa zaidi ya sentimita kumi upande wowote. Baada ya hapo nilipouliza kwa nini hatupimi mchoro ili kujua kama mistari ni sambamba, jibu halikutoka kwangu.

Alhamisi, duara la dunia

Zoezi moja tu leo, na limechukua kipindi chote. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Eratosthenes, mwanazuoni Mgiriki, alitumia pembe mbadala kupima mzingo wa dunia. Huko Syene, Aswan ya leo, jua la adhuhuri ya siku ndefu kuliko zote za mwaka lilikuwa utosini, halitupi kivuli. Aleksandria, upande wa kaskazini, wakati huo huo mti uliosimikwa wima ulitupa kivuli, na pembe kati yake na miale ya jua ilikuwa sehemu moja ya 50 ya mzunguko, yaani nyuzi 7.2.

Sikuwapa mchoro. Niliwapa maneno, wachore wenyewe. Mistari sambamba iko wapi? Miale ya jua, kwa kuwa jua liko mbali mno. Mkato ni upi? Hapa walihangaika, mpaka mmoja akarefusha mti wa Aleksandria kwenda chini ardhini hadi kitovu cha dunia. Wima wa Syene nao, ukirefushwa, ni mwale wenyewe unaoshuka hadi kitovu. Pembe ya juu kwenye mti na pembe ya chini kitovuni ni mbadala, kwa hiyo ni sawa. Umbali kati ya miji miwili ulihesabiwa kuwa stadia 5,000, stadia ikiwa kipimo cha urefu cha Wagiriki wa kale. Mara 50, inakuwa stadia 250,000. Urefu kamili wa stadia yake bado unabishaniwa, kwa hiyo sikuwaruhusu kugeuza kuwa kilomita na kushangilia. Nilichotaka kuona ni ule mti kurefushwa.

Jumatatu, x

Aljebra. Pembe jirani juu ya mstari mnyoofu: 2x + 15 na 3x − 10. Wanapata 5x + 5 = 180, x = 35, wanapiga mstari chini ya 35 na kuweka kalamu chini. Pembe ni 85 na 95, na hizo ndizo zilizoulizwa. Dawa niliyoiongeza ni sharti kwamba jibu la mwisho liandikwe ndani ya mchoro, kwenye pembe yenyewe. Kuandika 35 kwenye pembe iliyo butu kwa macho kunamshtua hata aliyesinzia.

Kadi mbili nilizozitunga zinastahili kuandikwa hapa. Ya kwanza: pembe zinazotazamana, 4x + 20 na 6x − 80. Mlinganyo unatii, x = 50, kila pembe ni 220. Isipokuwa mistari miwili inayokatana haiwezi kutoa pembe inayozidi 180, kwa hiyo mchoro huo haupo. Ya pili: zinazotazamana, 70 − 2x na 100 + x. Inatoka x = −10, na darasa karibu zima likaikataa kwa sababu "pembe haiwezi kuwa hasi". Lakini pembe zenyewe ni 90 na 90, safi kabisa. Ya kwanza waliipokea kwa sababu x ilikuwa chanya na nzuri, ya pili wakaitupa kwa sababu x ilikuwa mbaya. Kadi hizi lazima zitembee pamoja.

Jumatano, mstari ambao haujachorwa

Mistari miwili sambamba. Kutoka A kwenye mstari wa juu kipande kinashuka kulia hadi P, kisha kinarudi kushoto hadi B kwenye mstari wa chini. Pembe ya A ni 40, ya B ni 35. Tafuta ile ya P.

Hakuna kanuni inayofika hapo moja kwa moja, maana hakuna mkato unaogusa mistari yote miwili. Lazima uongeze mstari wako. Nilisema hivyo tu na kuondoka mbele ya ubao.

Njia tatu zilipatikana. Wa kwanza walichora mstari kupitia P, sambamba na ile miwili. P inagawanyika kuwa 40 na 35, zote kwa mbadala, jumla 75. Wa pili waliurefusha AP mpaka ukagonga mstari wa chini. Hapo kuna mbadala ya 40, na P inageuka kuwa pembe ya nje ya pembetatu, 40 na 35. Wa tatu waliunganisha A na B: pembe za ndani za upande mmoja zinatoa 180, pembetatu nayo inatoa 180, linganisha mbili hizo na 75 inabaki. Njia hii ya tatu sikuwa nimeiandaa, na ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu mchoraji hakuongeza usambamba mpya wala hakurefusha kitu.

Kila njia iliandikwa kwa safu mbili, hatua kushoto na sababu kulia, na mwenzake mwenye kalamu nyekundu alikuwa na ruhusa ya kuuliza neno moja tu: "Kwa nini?" Alama nazigawa nusu kwa nusu kati ya safu hizo. Mwenye 75 bila sababu anapata nusu, na malalamiko yamekuja, nami sitayumba.

Yaliyobaki kwa juma lijalo: kadi za kijani na zambarau zichapwe upya kwa herufi kubwa zaidi, na mchoro wa hila uongezewe mwenzake ambao ni mnyoofu kweli ila unaonekana umepinda. Pia kundi la pili limeniletea dai lao. Wameongeza kona ya pili kwenye ule mstari wa A na B, na wanasema kwamba kona zikiwa nyingi kiasi chochote, jumla ya pembe zinazofunguka kulia ni sawa na jumla ya zinazofunguka kushoto, ukihesabu na zile za kwenye mistari sambamba. Wamelikagua kwa kona mbili. Kesho darasa litalijaribu kwa tatu, na waliolitoa watakaa upande wa wenye kalamu nyekundu.